Marahaba ya Bibi Nanzia

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahaulika, palikuwa na makazi ya wazee katika mji mmoja wa milimani, mji wa ukungu na baridi ya kuuma. Makazi hayo yalikuwa na mfawidhi, yaani msimamizi mkuu, jina lake Mama Hosiana. Mama Hosiana alikuwa anastaafu. Chini yake walikuwapo watumishi watatu, kila mmoja alikitaka kiti chake, na kila mmoja alikuwa na haki ya kukitaka.

Msidhani kilikuwa kiti cha kugombewa na mji mzima. Watu waliwacheka. Aliyesema anafanya kazi kwa wazee aliulizwa kama amekosa kazi kwa watu wenye meno. Hawa watatu walichekwa wakabaki. Kazi ile waliitaka iwe kazi ya maisha yao.

Wa kwanza aliitwa Senkondo, afisa wa ustawi wa jamii, msomi wa chuo kikuu. Sokoni walimwita Mwenyekiti wa Vikongwe, naye aliitika bila kinyongo. Alipofika makazini mara ya kwanza alikuta mzee amefia chumbani mwake, na hakuna aliyejua mpaka harufu ilipopita chini ya mlango. Senkondo akaweka sheria. Kila asubuhi, na kila apitapo, mtumishi aingie, amsalimu mzee shikamoo, na asitoke mpaka aitikiwe marahaba. Asiyeweza kusema aitikie kwa ishara. Asiyeitikia, aitwe muuguzi mara moja. Kwa sheria hiyo wazee wengi waliokotwa sakafuni wakiwa hai, na makazi jirani yakaja kujifunza.

Wa pili aliitwa Nambua. Aliingia kama mfuaji wa nguo, akaenda kusomea utunzaji wa wazee, akarudi, akapanda mpaka akawa mhudumu mkuu. Alijua kila mzee anaogeshwa kwa maji ya namna gani na nani hapendi kushikwa bega.

Wa tatu alikuwa muuguzi, kijana aliyeitwa Mbazi. Aliacha kazi katika hospitali kubwa, akasema kwamba kule mgonjwa anaondoka kabla hujamfahamu, na yeye alitaka kumfahamu mtu mpaka mwisho.

Sasa, katika chumba kimoja cha makazi hayo waliishi mume na mke. Mume aliitwa Mzee Kisaka, na presha ya macho ilikuwa imemwacha kipofu. Mke aliitwa Bibi Nanzia. Alipigwa na kiharusi, ulimi ukamlala, na mkono wake wa kushoto ukakakamaa na kuwa wa baridi daima. Mzee Kisaka alikaa upande huo wa kushoto, akiushika mkono huo kutwa. Bibi Nanzia aliposalimiwa aliinua kidole cha mkono wa kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Mzee Kisaka hakuipenda hali ile. Alimwita Senkondo akamwambia kwamba kwao mke hasimamishwi mbele ya vijana akaamriwa ainue kidole, kama mtoto wa shule anayeomba kwenda nje. Alisema yeye ni mume, na atajibu kwa niaba ya wote wawili. Senkondo alifikiri, akaona ni heshima, akakubali. Tangu hapo mtumishi alisalimu mara moja, na Mzee Kisaka alijibu, "Marahaba. Na mwenzangu anasema marahaba." Wote walitii isipokuwa Mbazi, ambaye alinung'unika kwamba sheria ikitobolewa tundu moja haibaki sheria. Nambua alimtania, akamwambia aoe kwanza, kisha aje afundishe wenye ndoa.

Asubuhi moja Nambua alimwogesha Bibi Nanzia, akamvika, akamketisha kwenye kiti chake kando ya mume, akaenda kuchukua uji. Aliporudi akakisogeza kijiko kwenye midomo. Midomo haikufunguka. Akamtazama machoni. Bibi Nanzia alikuwa amekufa.

Nambua alisimama pale, kijiko mkononi. Kabla hajasema neno, Mzee Kisaka akasema, "Nambua, leo usitutoe nje. Ana baridi sana. Tuache wawili, nataka kukaa na mwenzangu."

Nambua akaelewa alivyoelewa. Akaona mzee anajua, na anaomba siku moja kabla hawajaja watu na machela. Akamfumba bibi macho, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akaegemeza kichwa chake vizuri kwenye mto. Akasema, "Haya, babu." Akatoka. Kazi zake zote za siku ile akazifanyia karibu na mlango.

Senkondo akapita. Akasalimu, akaitikiwa, akapita. Mfagiaji akapita. Akasalimu, akaitikiwa, akapita. Mama Hosiana mwenyewe akapita. Akasalimu, akaitikiwa, akapita. Na kila mara jibu lilikuwa lile lile: marahaba, na mwenzangu anasema marahaba.

Katikati ya salamu hizo Mzee Kisaka alikuwa anaongea. Nambua alimsikia akimsimulia mkewe shamba lao la kwanza, akimwomba radhi kwa jambo fulani la ujana wao, akicheka kidogo, akinyamaza, akiendelea.

Mchana Mbazi akaja na dawa. Akasalimu. Akaitikiwa. Hakupita.

"Nataka kumwona bibi akiitikia," akasema.

"Ameshaitika," Mzee Kisaka akasema. "Au masikio yako umeyaazima?"

Mbazi akainama akasalimu tena. Nambua akaingia mbio akamshika mkono, akamnong'oneza atoke, watazungumza nje. Mbazi akajinasua. Akaweka vidole shingoni mwa Bibi Nanzia, akavirudisha haraka kama ameunguzwa.

"Huyu amefariki," akasema, na sauti yake haikuwa ndogo. "Na si sasa hivi. Babu, umekaa na maiti tangu asubuhi."

Mlango ulikuwa wazi. Barazani wazee walikuwa wanakula, na sahani ikasikika ikianguka. Mbazi akaanza kuvitenganisha vidole vya mzee na vya mkewe. Mzee Kisaka hakulia. Alisema neno moja, "Toka," na baada ya hapo hakusema tena. Mazishi yalipita, hakusema. Walimletea chakula, alikula kidogo, hakusema.

Habari ikashuka mjini. Ilisemwa kwamba kule makazini hata maiti husalimiwa, na maiti huitikia. Bodi ya makazi ikamjia Mama Hosiana. Ikamwambia kwamba kabla hajaondoka ataje mrithi wake kati ya wale watatu, na aseme mbele ya watu kwa nini. Akishindwa, wataleta mgeni, na hao watatu watatafuta kazi kwingine.

Mama Hosiana akawakusanya wote katika ukumbi wa chakula, wazee, watumishi na wajumbe wa bodi. Akawataka watatu wake waseme.

Senkondo alisimama kwanza. Alikiri kwamba tundu katika sheria alilitoboa yeye. Lakini akasema kwamba sheria yenyewe ni yake pia, na walio hai kwa sababu yake wamekaa humo ukumbini, waulizwe. Akasema kuongoza ni kuweka utaratibu unaofanya kazi hata siku mtu mwema amechoka. Kosa lake ni kumhurumia mzee mmoja, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa sentensi moja.

Mbazi akasema hakuna aliyemsalimu Bibi Nanzia siku ile isipokuwa yeye. Wengine walimsalimu mume. "Mimi niliingia nikamtafuta mtu," akasema. "Mkiniona katili, sawa. Lakini siku ninyi mtakapoanguka kimyakimya kwenye kiti, mtamtaka nani aingie?" Akasema pia kwamba mhudumu anayejua mtu amekufa na akaficha hafai hata kubeba beseni.

Bibi mmoja wa nyuma akasema yeye akianguka angependa aokotwe na mtu asiyepiga kelele. Wengine wakacheka, kisha wakaona haya kwa kucheka.

Nambua akasema maneno machache. Alisema nyumba za kulaza watu zipo nyingi, na sheria zipo nyingi. Yeye alimwona mtu anayejua kwamba mkewe amekwenda, anayeomba siku moja, na hakuna mwingine duniani wa kumpa siku hiyo isipokuwa yeye aliyeshika kijiko. "Nilimpa," akasema. "Nikipewa makazi haya nitawapa na ninyi." Wazee wengi wakaguna kwa kuridhia. Ilionekana jambo limekwisha, na hata Mama Hosiana alianza kuinuka.

Ndipo Mzee Kisaka akasema. Wote waligeuka, maana walikuwa wamesahau sauti yake.

"Nambua. Ulijua?"

"Nilijua, babu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu uji, babu. Kama wewe."

"Mimi sikujua," Mzee Kisaka akasema.

Nambua akasimama pale pale.

"Mkono ule ulikuwa baridi miaka yote," mzee akasema taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. "Ulikuwa mgumu miaka yote. Ulimi wake ulikuwa kimya miaka yote. Niliposema ana baridi, nilikuwa nasema ana baridi. Ulipomfunika blanketi nilisema moyoni, mtoto huyu ana huruma. Nikaanza kumweleza mke wangu mambo niliyokuwa sijamweleza maisha yangu yote. Na wewe ulikuwa mlangoni unasikia, unajua kwamba yeye hasikii."

Nambua akaketi.

"Ungeniambia, nisingeyasema," mzee akaendelea. "Yangebaki kwangu mpaka kaburini. Kwa hiyo sijui kama nikushukuru au nisikuone tena. Najiuliza kila siku, na kila siku napata jibu jingine."

Akamgeukia Mbazi upande ambao hakuwapo, na mtu akamwelekeza.

"Wewe uliniambia kweli. Ni wewe peke yako uliyeniambia. Lakini uliniambia kama mtu anayemkamata mwizi. Nilijua kwamba nimefiwa na mke wangu wakati wenzangu wanatafuna wali barazani, na vidole vyangu umevishika wewe."

Mbazi akaangalia chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alidhani mzee anajua.

"Wote mlidhani," Mzee Kisaka akasema. "Hakuna aliyeniuliza. Senkondo yuko wapi?"

"Nipo, babu."

"Wewe ulinipa ruhusa niliyoiomba, na sikulaumu. Lakini nikuambie ilichofanya. Zamani, kabla ya ruhusa yako, ukisalimu nilikuwa nangoja. Niliwasikia mkisema, ahaa, bibi ameinua kidole, nami nikajua kwamba mke wangu ameamka. Baadaye nikaacha kungoja. Nilizoea kumjibia mpaka sikuhitaji kujua kama yupo. Siku ile nilisema mwenzangu anasema marahaba, na nilikuwa nimeamini."

Senkondo, ambaye alikuwa na jibu kwa kila jambo, akasema tu, "Nimesikia, babu."

"Mama Hosiana," mzee akasema, "na wewe ulisalimu?"

"Nilisalimu, Mzee Kisaka."

"Ukapita."

"Nikapita, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Hakuonyesha hasira. Akasema kwamba yeye hana pa kwenda, makazi haya ndiyo kwake, na watatu hawa ndio watu aliobaki nao. Akasema bodi inataka kujua nani anafaa kuongoza, nalo ni swali zuri, lakini yeye ana swali dogo kuliko hilo.

"Mtakayemweka, makazi yote yatafuata mwendo wake. Na kesho asubuhi mtu ataingia chumbani kwangu, atanisalimu, nami nitaanza kusema yale maneno niliyozoea, kisha nitakumbuka. Nataka kujua ataingia kwangu kwa mwendo gani."

Wajumbe wa bodi walikuwa wamekaa karibu na mlango, wakingoja jina. Mama Hosiana akasimama mbele ya watatu wake. Yupo aliyeweka sheria ya kuokoa watu, kisha akaitoboa kwa heshima. Yupo aliyetoa huruma yake yote, akampa mtu ambaye hakuiomba. Yupo aliyesema kweli peke yake, akaisema kama kofi. Watatu hao ndio aliowalea katika kazi, na kila mmoja alikuwa anamtazama usoni. Akavuta pumzi ili ataje jina.

Mimi jina alilolitaja sitalisema, maana kila ninapoisimulia hadithi hii nasikia wanaonisikiliza wakiniambia alikosea. Kwa hiyo nawaachia ninyi. Je, katika hao watatu, ni nani aliyestahili kupewa makazi yale, ili kesho yake asubuhi aingie kwa Mzee Kisaka na kumwambia shikamoo?