Simba wa Nyamera

Niwieni radhi. Ngano hii mke wangu ndiye huisimulia vizuri. Mimi naibeba kama mzigo wa kuni uliofungwa vibaya. Nyingine zitadondoka njiani.

Niseme?
— Sema!
Nidanganye?
— Danganya kwa adabu!

Hapo kale, kale kuliko meno ya bibi yangu, alikuwapo Nyamera dume, yule swala mkubwa wa mbugani: mapaja meusi, miguu ya njano kama kavaa soksi za mpira, na majivuno kibao. Alikuwa na wake watatu na kichuguu kimoja. Kazi yake kupanda kichuguuni kuchungulia adui. Na desturi ya nyamera ni hii: mlinzi akipuliza pua, pfff! hakuna kuuliza. Mnabaki hapo hapo.

Majani yakaisha. Ng'ambo ya bonde yakaota mapya, na ng'ambo huko kulikuwa na madume vijana.

Mke mdogo akainua mguu avuke.

Pfff! "Simba! Bondeni!"

Akarudi na njaa yake.

Kesho yake mke wa kati akainua mguu.

Pfff! "Simba! Yule yule!"

Akarudi.

Siku ya tatu akainuka mke mkubwa. Maziwa yamemkauka, ndama wake hawezi hata kulia.

Pfff! "Simba, jamani!"

"Bwana, simba huyu hana kwao? Hebu tangulia ukamtazame. Wewe si dume?"

Akashuka, kifua mbele. Wakangoja, wakangoja, mpaka jua likahama. Akarudi anahema.

"Nimemwona! Meno kama majembe!"

"Pole, mume wangu. Na hayo majani mdomoni?"

"Haya? Aa... nilijificha majanini."

"Na tumbo nalo lilijificha?"

Tumbo limejaa kama ngoma ya harusi!

Wakashuka wote watatu na ndama, wala hawakugeuka.

Kesho yake simba akaja. Wa kweli, na meno yake. Pfff! Pfff!

Ng'ambo, mke mdogo akasikia. "Dada, Bwana anaita."

Mke mkubwa akatafuna kwanza, akameza. "Ana mafua."

Simba alimkimbiza mabonde matatu. Alipona, roho mkononi. Mpaka leo utamwona kichuguuni peke yake, anakodolea ng'ambo.

Funzo: uliyepewa ulinzi, usifanye woga wa wenzako kamba ya kuwafungia.

Ngano yangu imefika mwisho. Utamu chukueni, uchungu niachieni.

Mnauliza mke wangu yuko wapi? Juzi alitaka kwenda kwao. Nikamwambia daraja limebomoka. Akasema, "Hebu katazame."

Nikaenda. Nikarudi nanuka pilau ya mama mkwe.