Kwa Nini Mkunga wa Mvaa Hana Ukucha

Enzi zile ukucha mrefu wa kidole gumba ulipokuwa fahari ya kila mkunga, Nakijwa aliketi uani kwa baba yake akimenya ndizi. Baba huyo, Mzee Mrindoko, akamtania kwamba maganda manene namna ile yangemnenepesha mbuzi. Nakijwa akacheka, kisha kisu kikamponyoka. Uchungu ulikuwa umeanza.

Alikuwa amerudi kwao kuzaa kifungua mimba, kama ilivyo desturi ya kilima cha Mvaa. Mama yake hakuwapo tena. Alikufa akizaa: mkunga alichoka kungoja, akaipasua chupa ya uzazi kwa ukucha, maji yakamwagika yote kwa pamoja, kitovu kikamtangulia mtoto. Mtoto hakulia, na damu ya mama haikukatika. Siku hizo haraka iliitwa ustadi. Mkunga huyo alikuwa Namkunda, dada wa marehemu, na ndiye aliyeingia sasa kwa Nakijwa, ukucha wake umenolewa jiweni.

Jua likapanda, chupa haijapasuka. Mrindoko, nje ya mlango, akamsikia Namkunda akisema kwamba ataifungua. Mwanamume hakuruhusiwa kutia neno pale. Yeye alilitia, bila kupaza sauti.

"Shemeji, ngoja."

"Tangu lini jogoo akaatamia mayai?"

"Hajaatamia. Lakini hata kuku halidonoi yai lake eti kachoka kukaa. Mwache mtoto aje na maji yake."

Ndani akamsikia Namkunda akiketi tena. Mrindoko akajua kwamba yeye na shemeji yake walikuwa wakimkumbuka mtu mmoja.

Jua lilipofika utosini, akaitwa. Mjukuu alikuwa amezaliwa angali ndani ya chupa nzima, inang'aa kama umande; Namkunda aliifungua kwa nyama ya kidole tu, na mtoto akalia.

"Nilikuwa nimeikalia mikono yangu," Namkunda akasema. "Sijapata kufanya kazi ngumu kama hiyo."

Kesho yake asubuhi Mrindoko alikichukua kile kisu cha ndizi, akaenda kwa shemeji yake. Namkunda akanyoosha gumba kabla hajaombwa. Mrindoko akaukata ukucha.

Na tangu siku hiyo mkunga wa Mvaa haingii kwa mzazi mpaka mwanamume wa nyumba amkate kucha. Mkunga naye hupita njiani akilionyesha gumba lake butu, kama wengine waonyeshavyo pete.