Mzee Chengo Aliyezikwa Mara Tatu

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliokula jana? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, kwa maana mimi nikishaanza sirudi nyuma.

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji, na katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Mbodze. Mumewe alikuwa amekwenda na ng'ombe mbali kutafuta malisho. Alimwachia watoto wawili. Wa kwanza Kache, msichana wa miaka mitano, mwenye maneno mengi kuliko meno. Wa pili Nyundo, mvulana wa miaka mitatu, ambaye maneno yake ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kikaja kiangazi. Simaanishi kiangazi hiki chenu mnacholalamikia kila jioni. Nasema kiangazi chenyewe. Jua lilichoma, ardhi ikapasuka, pa! pa! pa! Kisima cha karibu kikabaki tope, tope likabaki vumbi. Maji yakawa kisima kimoja tu, mbali kule nyuma ya vilima. Wanawake walitoka alfajiri na mitungi, wakarudi alasiri. Tata, tata, mguu mbele. Chubwi, chubwi, maji kichwani.

Na watoto wadogo je? Njia ile hawaiwezi. Basi kila mama aliwafungia wake ndani, akaegemeza kinu mlangoni, akaenda zake. Mbodze naye akafanya vivyo hivyo. Siku ya kwanza aliporudi aliwakuta wamelia mpaka sauti zimekauka. Siku ya pili Kache hakutaka hata kumtazama usoni. Mbodze alilia usiku ule, lakini asubuhi mtungi ulikuwa mtupu, na mtungi mtupu haujali machozi ya mtu. Akawaingiza ndani tena. Alikuwa anaegemeza kinu aliposikia fimbo inagonga chini. Ko, ko, ko.

Alikuwa Mzee Chengo, jirani yake. Mzee huyu alikuwa na goti moja bovu na kauli fupi. Mkewe alikwisha kufa, na wanawe walihamia mbali.

"Mama Kache," akasema, "toa kinu hicho. Nitakaa nao mimi."

Mbodze alifurahi, kisha akaona haya. Akamwambia kwamba nyumba yake haina kitu, wala cha kumpa mzee wala cha watoto kuchezea. Mzee Chengo akatazama. Akaona majivu jikoni. Akaona mchanga uani, na udongo wa mfinyanzi uliobaki nyumba ilipokandikwa. Akaona unga wa mhogo kidogo kwenye kibuyu, na kivuli cha nyumba kimelala upande wa magharibi.

"Vipo vingi," akasema.

Mbodze akaenda kisimani moyo mwepesi. Tata, tata, mguu mbele. Alasiri aliporudi, watoto hawakuwa wamelia. Walikuwa wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nao wanacheka. Akawauliza walifanya nini.

"Tulivuka mto," akasema Kache. "Babu alinishika mkono. Nyundo alilowa mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni.

Mbodze akatazama nguo ya Nyundo. Kavu. Akaufikiria mto wa karibu, ambao ulikuwa umekauka tangu mwezi ule uliopita, na hata ulipokuwa na maji ulikuwa nusu siku kwa miguu. Akamtazama mzee na goti lake. Hakuelewa kitu. Ila alikuwa amechoka, na aliyechoka hachunguzi.

Siku ya pili akarudi. Chubwi, chubwi, maji kichwani. Akauliza.

"Leo tumekula nyoka," akasema Kache. "Alilala njiani, hakutaka tupite. Mimi nilikula macho."

Mtungi nusura uanguke. Mbodze akampanua Nyundo mdomo, akatazama, akanusa. Akamwuliza mwanawe kama tumbo linauma. Nyundo akafikiri, kisha akasema, "Tamu."

Sasa Mbodze akamwendea mzee mwenyewe, aliyekuwa anajikung'uta ili aende kwake. Akamwuliza kwa adabu, maana ni mzee, kama ni kweli walivuka mto jana na kula nyoka leo.

"Kweli," akasema Mzee Chengo. "Yule nyoka alikuwa mrefu, lakini tulimmaliza." Akachukua fimbo yake. Ko, ko, ko, akaenda.

Mbodze akabaki amesimama uani. Nawaulizeni ninyi, mngefanya nini? Usiku huo alilala jicho moja wazi, mkono juu ya tumbo la Nyundo. Tumbo lilikuwa salama, likipanda na kushuka kama siku zote. Alfajiri akataka asiende kisimani, lakini angebaki na nini cha kuwanywesha? Akaenda, akili imebaki nyumbani.

Siku ya tatu hata hakungoja kutua mtungi.

"Leo tumemzika Babu," akasema Kache.

Na Babu mwenyewe huyu hapa, ameketi kizingitini, mchanga unamtoka masikioni.

"Mmemzika?"

"Alikufa njiani. Tukamzika, tukalia. Halafu akafufuka."

"Kwa nini akafufuka?"

"Alisikia njaa."

Siku ya nne wakamzika tena. Mbodze akamwuliza mzee kama na hili ni kweli, naye akajibu kwamba ni kweli tupu, tena Nyundo alilia vizuri kuliko jana. Kichwa cha Mbodze kikawa kama kibuyu kilichotiwa kokoto. Mto usio na maji. Nyoka mtamu. Maiti mwenye njaa. Kama watoto wanaota, mbona mzee anaitikia? Na kama ni kweli, huyu mzee ni mtu gani?

Swali hilo akalipeleka kwa jirani yake Nyevu. Hapo alikosea, na nawaambia wazi. Nyevu alikuwa mtu mwema, ila habari haikulala kwake hata usiku mmoja. Jioni ile ile ilikuwa imefika kwa Jumbe, mkuu wa kijiji, na njiani ilinenepa: Mzee Chengo ni mchawi, anawazoeza watoto makaburi.

Jumbe akamwita Mbodze, akamwambia hivi: kesho atoke na mtungi wake kama kawaida, afike kwenye vilima, kisha ageuke. Watamwendea mzee kwa ghafla, jua likishapinda. Wakimkuta na mambo hayo, atahama kijiji siku hiyo hiyo.

Mbodze akaitikia, lakini roho ilimuuma. Maana alijua: mzee akifukuzwa, kinu kinarudi mlangoni. Na mzee akibaki, naye ni mchawi kweli, je? Alitembea alfajiri ile bila kujua aombe lipi. Kwenye vilima akageuka na mtungi mtupu. Tata, tata, mguu mbele, lakini juu ya kichwa hapakulia kitu.

Wakaingia uani kwa kunyata, Jumbe mbele, Nyevu katikati, Mbodze nyuma. Upande wa magharibi hapakuwa na mtu. Wakazunguka. Upande wa kaskazini, chini ya upenu, wakakuta lundo la mchanga, na mwisho wa lundo, kichwa cha Mzee Chengo. Kando yake Kache amepiga magoti, analia kilio cha msiba, kile chenye mashairi yake.

Nyevu akashika kinywa. Jumbe akakohoa. Alikuwa ameamua kesi nyingi maishani mwake, lakini hajawahi kuhoji kichwa.

"Mzee Chengo," akasema, "uliwavusha watoto hawa mto?"

"Niliwavusha," kikajibu kichwa.

"Uliwalisha nyoka?"

"Tulikula sote."

"Na sasa umezikwa?"

"Mara ya tatu hii."

Jumbe akajipangusa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Akamwambia mzee kwamba yapo maneno ya kitoto, na mtu mzima akiyakataa hapungukiwi kitu. Aseme tu kwamba Kache ametunga uongo, na yeye atarudi zake nyumbani akanywe uji.

"Hakutunga uongo," akasema Mzee Chengo.

"Basi utahama leo, kabla jua halijatua."

"Nitahama. Lakini mto siukani. Nikiukausha mimi leo, kesho hawa watapita wapi?"

Watu wazima wale wakatazamana. Hakuna aliyeelewa. Na Mbodze, ambaye alikuwa haelewi tangu siku ya kwanza, ndipo akaona jambo lililomkata maini. Mtoto aliyekuwa pale ni mmoja.

"Nyundo yuko wapi?"

"Ametangulia," kikasema kichwa.

"Ametangulia wapi?"

Kache akajibu badala ya mzee. "Amekwenda kwa mama."

"Mama si mimi hapa?" akasema Mbodze. Kule porini chui hakuwa hadithi, na mtoto wa miaka mitatu hajui njia. Akataka kukimbia, asijue akimbilie wapi. Kache akamshika nguo.

"Njooni niwaonyeshe," akasema. "Ila huko kona kuna mto. Mpite polepole."

Akatangulia, tete, tete, tete. Nao wakamfuata. Na kweli, kwenye kona ya nyumba palikuwa na mto: majivu yamemwagwa kwa mkunjo kutoka ukutani mpaka uani, upana wake hatua mbili, na mawe matatu ya kukanyagia. Kache akaruka jiwe kwa jiwe. Jumbe, mwenye haraka yake, akakanyaga katikati.

"Umelowa," akasema Kache.

Na Jumbe yule, mzee wa watu, kabla hajajua anafanya nini, akapandisha shuka yake mpaka magotini.

Hakuna aliyecheka, maana Mbodze alikwisha kuwapita. Akaruka mawe yale matatu, jiwe la kwanza, jiwe la pili, jiwe la tatu, hata hakujiuliza kwa nini anaruka. Akafika upande wa mashariki, ambako kivuli ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza kulala.

Nyundo alikuwa ameketi pale, mzima. Mbele yake palisimama mwanamke wa udongo, urefu wake kama mchi, na mtungi wa udongo kichwani. Alikuwa amekandwa vibaya, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Lakini mabega yake yalikuwa laini, yanang'aa, kwa kushikwashikwa na mikono midogo. Nyundo alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye bega lile.

"Tumefika, mama," akamwambia yule wa udongo. "Rudi sasa."

Akainua kichwa. Akamwona Mbodze amesimama. Hakushtuka hata kidogo. Kwake yeye ndivyo ilivyokuwa kila siku: wao wanasafiri, wanamfikia, wanamwambia, naye anatokea na mtungi wake.

"Leo umewahi," akasema.

Mbodze akaketi chini, papo hapo mchangani, akamkumbatia. Alilia kwa aibu na kwa furaha, vyote pamoja, wala hakujificha. Nyevu naye akageukia ukuta. Jumbe, shuka bado iko magotini, akasema kwamba haoni kesi hapa, na kama kuna aliyeiona amwonyeshe. Akaondoka kwa njia aliyojia. Wanasema alipofika kwenye majivu alikanyaga mawe.

Wakamfukua mzee. Alitoka analalamika goti, anauliza kama nyoka wa leo amebaki kipande, maana yule nyoka alikuwa unga wa mhogo uliosokotwa na kuchomwa kwenye majivu ya moto, macho yake punje mbili za kunde. Mbodze akampigia magoti.

"Baba," akasema, "siku zote hizi nakuuliza, mbona hukuniambia?"

Mzee Chengo akajikung'uta mchanga shingoni. "Siku ile ya kwanza ulipoondoka walilia, wanakutaka. Nikawaambia, basi twende. Tukaanza safari, tukifuata kivuli. Wewe uliniuliza kama tulivuka mto, nikakwambia tulivuka. Hukuniuliza tulikuwa tunakwenda wapi."

Mbodze akamwokotea fimbo yake.

Kesho yake alfajiri alichukua mtungi, lakini hakuondoka mara moja. Alichuchumaa mbele ya wanawe akawauliza leo wanakuja kwa njia gani. Kache akasema leo njiani kuna simba, mkubwa, wa majani makavu, Babu atamfunga mkia. Mbodze hakuelewa simba wa majani anafungwaje mkia, wala hakuuliza.

"Mpiteni taratibu," akasema. "Mimi nitakuwa kisimani, nawangoja."

Ndiyo maana hata leo, Mzee Chengo akiwa amelala kaburini kwake miaka isiyo na idadi, kiangazi kikiingia tunamwaga majivu kwenye kona za nyumba zetu, na mgeni akiuliza ni dawa ya nini, tunamwambia avue viatu.

Basi chukueni hili mwende nalo: mtoto akikwambia amevuka mto, usikimbilie kumpapasa nguo kama zimelowa. Muulize alikuwa anakwenda kwa nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, imetua mtungi. Mwenye kiu anywe, aliyeshiba ampishe mwenzake.