Vidole Vitano Chini ya Kitanda

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Waliotuachia methali hii hawakutaja fimbo, wala hawakutaja kelele. Walitaja maneno, tena matamu. Mwenye shaka na achokoe pango la nyoka kwa mti, kisha aje atusimulie, ikiwa atabaki na pumzi ya kusimulia. Ephraïm, mkazi wa Kindu, alikuwa na shaka hiyo, na pango lake lilikuwa chini ya kitanda cha binti yake.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Alasiri hiyo hiyo Mama Albertine, kiongozi wa kwaya ya parokia, angemchagua mtoto mmoja tu wa kumfundisha kinanda kipya, yule ambaye angesoma noti za muziki vizuri kuliko wenzake. Ephraïm aliitamani nafasi hiyo kwa ajili ya Naomie kama mwenye kiu anavyotamani maji. Kwa majuma mengi alikuwa amewafundisha watoto wake wawili nyumbani: ubao ukutani, mistari mitano iliyonyooka kama reli, na fimbo ya kuonyeshea noti. Lakini fimbo yenyewe haikuwa na adabu. Kila ilipotoka ubaoni ilipitia mgongoni mwa mtu.

Mchana ule alimwuliza Naomie jina la noti iliyokaa kwenye mstari wa pili. Kabla binti hajajibu, mdogo wake Aimé, mwenye ulimi mwepesi kama mtumbwi mtupu, akadakia.

"Papa, hizi si noti, njo viluwiluwi. Vinapanda juu ya waya."

Naomie akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, lakini kilimwingia baba yake kama pilipili jichoni, naye akakifuta kwa fimbo. Akampiga Aimé, akampiga na Naomie, akanguruma kwamba muziki si mchezo na kwamba watoto wa siku hizi wana vichwa vigumu kama kokwa za mchikichi. Aimé akatimkia uani. Naomie hakutimka. Alijipenyeza chini ya kitanda hadi ukutani, akanyamaza.

Hapo ndipo Ephraïm alipopandwa na mori. Akaamuru, kimya. Akatisha, kimya. Akaingiza fimbo chini ya kitanda, akachokoa huku na huku kama mtu anayesaka panya. Ikashikwa gizani, ikavutwa, isirudi. Mwanamume mzima, na ndevu zake zote, akawa amenyang'anywa silaha na kitanda.

Jeannette, mkewe, akaingia akitoka jikoni, mikono yake ikinukia sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa akiyapika. Alikuwa amevumilia vya kutosha, na hasira yake, tofauti na ya mumewe, haikuhitaji kupiga kelele.

"Baba Naomie," alisema, "wale watu wa vita walichoma kinanda ya parokia kama kuni, juu ya kupika nyama. Weye unachoma mutoto juu ya nini?"

Maneno hayo yalimchoma Ephraïm. Kinanda kile ndicho kilichokuwa donda lake.

Vita vilipoingia Kindu, yeye alikuwa mtoto wa rika la Naomie. Mama yake, Élisabeth, mwimbaji wa kwaya, alikimbia naye hadi msituni, upande wa Kailo. Huko kuimba kulikuwa sawa na kuwaita wenye bunduki. Basi mama akamfundisha muziki bila sauti: alitandaza mkono, vidole vitano vikawa mistari mitano, na uwazi kati ya vidole ukawa uwazi kati ya mistari. Mtoto aligusa, mama akaitikia kwa kichwa. Alipokosea, mama alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika, akamnong'oneza kwa kumbembeleza: "Taratibu, papa yangu, hakuna anayetukimbiza." Na walikuwa wakikimbizwa kwelikweli.

Homa ikamchukua mama huko huko. Ephraïm akarudi mjini peke yake, akakuta kinanda cha parokia kimekuwa majivu. Ule mkono wa noti aliuzika pamoja na mama yake. Alichorudi nacho ni hasira, na hasira hiyo ndiyo aliyokuwa akiwalisha wanawe, bila hata chumvi.

Maneno ya mkewe yakiwa bado masikioni, Ephraïm akalala kifudifudi sakafuni kando ya kitanda. Hasira alikuwa nayo bado, ila sasa ilikuwa imegeuza shingo na kumkodolea macho yeye mwenyewe. Akapenyeza mkono mtupu chini ya kitanda, vidole vikiwa vimetanuliwa.

"Mama yangu," alimwita binti yake, kwa upole ambao koo lake lilikuwa limeusahau, "nisamehe. Aimé alisema kweli, njo viluwiluwi. Bibi yako alinifundisha na mukono yake, wakati wa vita. Kidole hiki kidogo njo mustari ya chini, noti ya mi. Kiluwiluwi kikikaa juu ya kidole cha pete, kinaitwa nani?"

Jeannette aliyekuwa mlangoni hakujongea. Kisha ncha ya kidole chembamba, baridi kama kokoto la mtoni, ikagusa kidole cha pete.

"Sol," sauti ikasema kutoka gizani. "Na fimbo yako sirudishi."

"Usirudishe."

Aimé, ambaye masikio yake hayakuwa mbali kamwe, akarudi na kujitupa sakafuni, akidai kiluwiluwi chake naye. Muda si muda kitanda kile kilikuwa kinatikisika kwa vicheko.

Alasiri, parokiani, baba mmoja alisimama dirishani akimtukana mwanawe aliyekosea, hadi mtoto akalia na kusahau hata zile noti alizojua. Ephraïm alitamani kumkaba baba huyo. Akakumbuka alivyofanya yeye mwenyewe mchana ule, akainamisha uso. Zamu ya Naomie ilipofika, alitandaza mkono wa kushoto kifuani, akagusa vidole kwa mkono wa kulia, akaimba noti zote alizoandikiwa ubaoni. Mama Albertine akaweka chaki chini, akamwuliza ni nani aliyemfundisha.

"Bibi yangu," Naomie akajibu.

Nafasi ikawa yake. Fimbo Naomie aliitoa kesho yake kwa hiari, akampa mama yake, ikawa kuni ya kupikia sombe. Fimbo ilipoingia pangoni haikurudi. Mkono mtupu na neno la upole vilipoingia, vilirudi na binti. Hakika, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.