Kigae cha Shingoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kivivu? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogeeni, leo sina ngano ya kuchekesha.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kiwanja cha kufinyanga vyungu. Msimamizi wao alikuwa Bi Kanga. Hakuwa na nguvu wala makelele, ila aliwawekea desturi moja. Ukivunja chombo, unapaza sauti, "Nimevunja!" Na kiwanja kizima kinaitika, "Tumevunja!" Basi. Mnakanda udongo mwingine, kazi inaendelea.

Bi Kanga akazeeka, akafa. Akaja Fungo kushika usimamizi.

Siku ile ile Kobe akaponyokwa na chungu, pwaa! Akasema, "Nimevunja!" Wenzake wakafungua midomo waitike.

"Nyamazeni!" Fungo akafoka. "Avunje mmoja, muitike wote? Hapa ngomani?"

Akaokota kigae, akakitoboa, akatia kamba, akamvisha Kobe shingoni. Siku saba.

Panya, shemeji yake Kobe, akaangua kicheko. "Shemeji, mkufu umekukaa! Harusi lini?"

Wakacheka wote. Na mimi nawaambia, kiwanja kilifia kwenye kicheko kile.

Tangu hapo Panya akivunja, anafukia. Nyani akivunja, anafukia. Kobe akivunja, anafukia. Wakawa wanasalimiana kwa kuangalia chini.

Kiangazi kikakaribia. Mto ulikuwa mbali, siku tatu kwa mwenye miguu ya maana. Kobe na miguu yake ile angefika lini? Kwa hiyo kila mwaka walifinyanga kasiki moja kubwa, wakalijaza maji ya mvua, wakanywa humo mpaka mvua inyeshe.

Mwaka huo Nyani ndiye aliyelichoma. Likatoka na ufa. Nyani akatazama huku, akatazama huku, akaupaka utomvu na majivu. Panya akauona, akapita. Kobe akauona, akasimama.

"Shemeji," akanong'ona, "kasiki lina ufa."

"Sema basi! Atakayesema ndiye aliyevunja. Unataka mkufu wa pili?"

Kobe akajishika shingo. Naye akapita.

Wakalijaza. Maji yakalainisha utomvu, ufa ukafunguka. Asubuhi wakakuta kasiki tupu, mchanga umelowa.

"Nani?" Fungo akauliza. Kimya.

"Nani?" Kimya.

"Nani?" Kimya.

Fungo akaondoka zake mtoni. Nyani akafuata. Panya naye akafunga mzigo.

"Shemeji, nikokote japo kidogo," Kobe akamsihi.

"Mzito wewe. Halafu ufa si uliuona? Mbona hukusema?"

Akaenda. Hata nyuma hakutazama. Mtu wa nyumba moja!

Kobe akabaki peke yake kiwanjani. Akaweka mdomo kwenye mchanga uliolowa, akanyonya mpaka ukakauka. Kisha akainua shingo, akaita kama zamani za Bi Kanga:

"Nimevunja!"

Kimya.

"Nimevunja!"

Kimya.

"Nimevunja!"

Hakuitikiwa. Mvua ilipokuja ilimkuta amebaki gamba tu, ikalijaza maji safi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kiwanjani, na hadi leo hakuna aliyeitika.