Mawe ya Digidigi Kwenye Chungu cha Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani wabaya na timu za mpira kama nyinyi, palikuwa na winga mmoja aitwaye Digidigi. Mdogo kweli. Akisimama karibu na Tembo, ungedhani Tembo kaangusha kitu.

Lakini mbio! Fyuu! Ukipepesa jicho kashakupita, na mpira anao yeye.

Digidigi hutembea wawili wawili, dume na jike, mpaka kufa. Huyu alitembea mmoja. Mkewe alichukuliwa na chui mwaka wa mvua nyingi, yakaisha. Ila njiani bado alipita upande mmoja, upande wa pili akauacha wazi, kama mtu anayetembea na mwenzake.

Kila msimu alichezea timu nyingine. Timu ikimsajili ilimpa nyumba. Msimu ukiisha, wakimpata mwenye misuli zaidi, wanamtema. "Asante kwa mchango wako," wanamwambia, huku mlango wameshaufungua. Anakunja mkeka, anakwenda.

Na kila nyumba mpya aliyofika hapakuwa na wa kumpokea. Basi alisimama nje akasema mwenyewe, "Hodi!" Kisha akajijibu, "Karibu." Akaingia.

Mkeka ulichakaa kwa kukunjwa. Siku moja akautazama, akasema, "Basi. Safari hii hawanitoi."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wavivu hupotea. Ligi ya mwituni ilikuwa na sheria yake. Zamani timu tajiri zilizoa wachezaji wazuri wote, nyingine zikabaki na wazee na wajomba wa mwenyekiti. Ndipo kila timu ikapewa chungu, na vyungu vyote saizi moja. Kila kikapu cha mtama anachohesabiwa mchezaji kwa msimu, jiwe moja linaingia chunguni. Chungu kikijaa, umekwisha. Hata ghala lako likifurika mpaka paani, huwezi kusajili mtu.

Mshika vyungu alikuwa Kobe. Walimchagua kwa sababu Kobe hababaishwi: ukimfokea anaingiza kichwa ndani mpaka umalize.

Mwenyekiti wa timu ya Bondeni alikuwa Fisi. Ghalani alikuwa na mtama tele, chunguni nafasi finyu. Tembo na Kifaru walikuwa karibu wakijaze wao wawili, pamebaki pa mawe machache tu. Winga anamtaka, pa kumweka hapaoni. Digidigi akamwendea.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama unatafuta timu, sahau. Kule Mlimani wanakupa vikapu vitano kwa msimu. Chungu changu hakimezi mawe matano."

"Nani kasema vitano? Mimi mshahara nipe kikapu kimoja."

Fisi akageuka nyuma kuona kama anaambiwa mwingine. "Kimoja? Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Kimoja kwa msimu, misimu minne. Ila kishika mkono cha kuweka dole nipe vikapu vinane, leo leo."

"Vinane! Mawe manane! Kwi kwi kwi! Jamani, njooni mumsikie huyu!"

"Muulize Kobe kwanza, ndipo ucheke."

Kobe, aliyeketi pale kando ya chungu, akatoa kichwa, taratibu, kama anayetoka usingizini. "Kishika mkono kinatolewa siku moja, lakini mawe yake yanagawanywa kwa misimu ya mkataba. Vinane kwa misimu minne, mawe mawili kila msimu. Ongeza moja la mshahara. Matatu."

"Matatu tu!" Fisi akaruka juu.

"Sijamaliza. Mkimtema kabla ya mkataba kwisha, mawe ya kishika mkono yaliyobaki yanaingia chunguni yote siku hiyohiyo. Akiondoka mwenyewe, kwa miguu yake, anarudisha mtama uliobaki, na mawe hayaingii."

Fisi alikuwa hasikii tena. Masikio yale makubwa, likishaingia neno analolipenda, hujifunga. "Weka dole hapa, mwanangu! Weka, weka, kabla Mlimani hawajaja!"

Ta! Ta! Ta! Mawe matatu chunguni. Kobe akaweka mengine sita kando, akayafunika na jani.

Vikapu vinane vikajaza chumba cha Digidigi. Wala mtama ule hakuuhitaji. Chakula chake ni majani. Alivipanga ukutani, akawa analala ameviegemea. Ukiwa peke yako, hata kikapu kina mgongo.

Msimu ukaenda. Digidigi alipiga chenga mpaka mabeki wakagongana vichwa, pwaa! Mechi ikiisha, wenzake walikwenda kula kwa Tembo, kelele mpaka jioni. Yeye hakuna aliyemwambia njoo, wala hakuna aliyemwambia usije. Walimsahau tu, kama mtu anavyosahau kijiko.

Msimu ulipokwisha, dirisha la usajili likafunguliwa, na akaja Nyati. Mshambuliaji! Kifua kama mlango wa ghala. Akitembea, vumbi tifu! Fisi alipomwona, udelele ukamdondoka.

"Karibu, Nyati baba, karibu! Nafasi yako ipo. Tunamtoa yule mdogo, wewe unaingia palepale." Kisha akapaza sauti, "Digidigi! Asante kwa mchango wako!"

Digidigi alikuwa amekaa kando anatafuna jani. Akasema, "Haya. Mkeka wangu uko tayari. Mwambie Kobe atoe mawe yangu."

Kobe akatoa mawe matatu. Ta, ta, ta. Fisi akasugua mikono.

Kisha Kobe akafunua lile jani, akaanza kuingiza. Ta. Ta. Ta.

"We! Unafanya nini?"

Ta. Ta. Ta.

"Sita," Kobe akasema, chungu kimefurika. "Akibaki ni matatu. Akitoka ni sita."

"Mtu ameondoka, na bado anakula nafasi?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaruka."

Fisi akafoka, akatukana, akapiga chini miguu. Kobe akaingiza kichwa ndani. Fisi aliponyamaza, kichwa kikatoka: "Sita."

Nyati akakohoa. "Bwana Mwenyekiti, mimi mnanisajili au mnanipikia mawe?"

"Subiri, baba, subiri kidogo! Kobe, yarudishe yalivyokuwa. Hatumtemi." Fisi akasogea pembeni na Tembo na Kifaru, akawanong'oneza. "Mnakumbuka sheria? Akiondoka mwenyewe, mtama unarudi na mawe hayaingii. Basi kuanzia leo, asisalimiwe. Asipewe mpira. Akikaa, inukeni. Wiki moja tu atafunga virago huku analia."

Hapo Fisi alijiona mwerevu, masikini.

Wakaanza. Digidigi akisema, "Hamjambo?" kimya, tii. Mazoezini alikimbia pembeni, akainua mguu kuomba mpira. Mpira ukaenda kwa Kifaru, ukarudi kwa Tembo, ukaenda tena kwa Kifaru. Akikaa kwenye benchi, benchi linabaki lake peke yake.

Naye alikimbia, akakaa, akarudi nyumbani, akasema hodi, akajijibu karibu. Asubuhi yake akaja tena mazoezini, amechana manyoya vizuri.

Wiki ikapita. Fisi ndiye aliyeanza kukonda. Nyati kila asubuhi anauliza, "Bado?" Na dirisha la usajili linakaribia kufungwa.

Alasiri ya siku ya mwisho Digidigi alikuwa ndani anafagia. Mlangoni akasikia sauti.

"Hodi!"

Ufagio ukasimama. Alisimama katikati ya chumba, masikio yamechongoka. Tangu afiwe, mlangoni kwake hodi alikuwa anaisema yeye tu.

"Hodi humu ndani!"

Hakujibu. Si kwa jeuri, msidhani. Alitaka kuisikia tena.

"Hodi, jamani! Digidigi! Najua umo!"

"Karibu," akajibu polepole. "Karibu ndani."

Fisi akaingia, akaketi juu ya kikapu cha mtama bila kuambiwa. "Mwanangu, tuzungumze kama watu wazima. Ondoka. Utaishije hapa? Hujaona wenzako wote wamekununia?"

Digidigi akamtazama. "Kumbe wamenuna?"

"Hujaona?"

"Nilidhani ni mambo ya siku zote."

Fisi akapiga kikapu kofi. "Hawakusalimii!"

"Na msimu uliopita nani alinisalimu, Mwenyekiti? Nitajie mmoja."

Fisi akahesabu kwa vidole. Vidole vikamshinda, hakupata pa kuanzia.

"Umekuja kunitisha na upweke," Digidigi akasema. "Ungekuja na mbwa ningekimbia. Huu tunakula nao sahani moja kila siku, utanitishaje nao? Nyumba hii ni yangu misimu mitatu mingine. Kaa kwanza, nikuletee majani. Hata kidogo tu."

"Majani yako kula mwenyewe!" Fisi akatoka mbio kumwahi Nyati.

Hakumwahi. Nyati alikuwa ameshachoka kusubiri, ameshaweka ukwato wake kwenye mkataba wa Mlimani, na dirisha likafungwa, kwa! Fisi akakaa mavumbini akalia. Huuuu-wi! Nyie mnadhani fisi analilia mifupa.

Basi Bondeni wakabaki na winga yuleyule, wakataka wasitake. Msimu ulipoanza ilibidi wampe mpira, maana njaa ya magoli haijui kununa. Mechi ya kwanza Tembo akamrushia pasi ndefu. Fyuu! Akampita mmoja, akampita wa pili, kipa akalala kulia, mpira kushoto. Goli!

Uwanja ukavuma. Wachezaji wote wakakimbia kumkumbatia Tembo aliyetoa pasi. Digidigi akauchukua mpira wavuni, akauweka katikati mwenyewe, akarudi kwenye mstari wake.

Jioni akaenda nyumbani, akipita upande wake wa njia, upande wa pili wazi. Nyumba ileile. Mlango uleule, na hakuna mnyama mbuga nzima aliyeweza kumtoa. Hata mkeka ulikuwa umesahau kukunjwa.

Akasimama nje. Akasubiri kidogo, pengine mtu angepita. Hakupita mtu.

"Hodi," akasema.

"Karibu."

Akaingia, akala vizuri, akaegemea vikapu vyake, akalala. Msinitolee machozi hapa, alichokitaka alikipata.

Nanyi shikeni hili moja, muende mkaoge: mkataba ukiufunga kwa akili utakupa nyumba, lakini wa kukupigia hodi haandikwi humo.