Pumzi ya Gari la Baba

Ilikuwapo nyumba moja ambayo mgeni aliisikia kabla ya kuiona. Barazani cherehani ilitembea tangu asubuhi, uani nyundo ililia juu ya bati, na kando ya ukuta palikuwa na mtu aliyeingiza nusu ya mwili wake ndani ya boneti ya gari, ikibaki nje miguu tu. Cherehani ilikuwa ya mama, fundi wa nguo ambaye wateja hawakuwahi kumrudishia vazi. Nyundo ilikuwa ya mjomba, ndugu yake mama, mtengenezaji wa majiko na masanduku ya bati. Ile miguu ilikuwa ya binti wa nyumba, fundi wa magari, ambaye wenzake wa gereji walimpa jina la Spana, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Aliyesalia ni baba, dereva aliyestaafu kazi bila kustaafu fahari yake.

Watu hao wanne walijivuna, na tuseme kweli, walikuwa na haki ya kujivuna. Tatizo ni kwamba kila mmoja alijivunia chake peke yake. Nyumba yao ilikuwa na sheria moja tu: kazi ya mtu haiguswi. Sheria hiyo ilizaliwa siku baba, kwa nia njema kabisa, alipoitia cherehani ya mkewe mafuta ya injini, na gauni jeupe la mteja likatoka na madoa kama chui. Mama hakusema neno mchana kutwa, na alipofungua kinywa jioni, sheria ikatoka. Tangu hapo hakuna aliyetia mkono katika kazi ya mwenzake wala kumwambia kuwa anakosea. Na hakuna aliyeomba msaada pia, maana kuomba kulihesabiwa ni kukiri kwamba ufundi umekushinda.

Gari la baba lilikuwa na umri mkubwa kuliko Spana. Chini ya gari hilo ndiko alikojifunza kazi, akimshikia baba tochi na kuuliza maswali yasiyokwisha. Sasa lilikuwa limeishiwa pumzi. Filta yake ya hewa, ile ya karatasi, ilikuwa imeziba kwa vumbi, na boksi la plastiki lililoishika lilikuwa limepasuka, likazibwa kwa utepe, likapasuka tena. Vipuri vya gari la namna hiyo havikuletwa tena madukani; wauzaji walicheka kwa heshima wakauliza kama kweli bado linatembea. Kutembea lilitembea, ila kila lilipofika kwenye mlima wa tangi la maji lilikohoa, likatetemeka, likazima.

Hatimaye baba akakata shauri. Walipokuwa wakila alitangaza kwamba amezungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwamba mtu huyo atakuja Jumamosi kulichukua. Spana alirudisha tonge sahanini. Fundi ambaye gari la kwao limekatwakatwa na kupimwa kwa kilo, angemtazama mteja kwa jicho gani? Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa zaidi ni kwamba alilipenda gari lile, na alijua baba pia analipenda, kwani alikuwa akisema habari ya kuliuza huku akitazama sahani.

"La kuvunda halina ubani, mwanangu," baba alisema.

"Baba, jungu kuu halikosi ukoko," Spana alijibu. "Nipe mpaka Jumamosi. Likipanda mlima wa tangi tukiwa wote wanne ndani, haliuzwi. Likishindwa, geti nitamfungulia mnunuzi mimi mwenyewe."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mjomba alitaka kusema kitu, mama akamwongezea mchuzi, akanyamaza.

Spana alikuwa na dawa yake tayari. Dukani aliwahi kuona filta ya koni, isiyotoka kwenye kiwanda cha gari lolote bali iliyoundwa ikae kwenye magari ya kila namna, yenye kitambaa chekundu kilichokunjwakunjwa ndani ya wavu wa chuma. Filta kama hiyo haihitaji boksi. Inavishwa moja kwa moja kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini, na ikichafuka inaoshwa. Aliinunua, akaileta nyumbani kama mtu aliyebeba keki. Akalifungua boksi bovu, akafuta vumbi lililoganda kwenye mdomo wa mpira hadi kitambaa kikatoka cheupe, akaivisha koni na kuikaza kwa vikaza vya skrubu. Kila mzunguko wa bisibisi ulimtia furaha. Alijiona tayari amesimama juu ya mlima, akiulizwa na watu ni fundi gani huyo, naye akijibu neno moja tu: mimi.

Mama alipita na kikombe cha chai, akaona ile koni imekaa jirani kabisa na pale bomba la moshi linapoanzia kwenye injini. Yeye asingeweka kitambaa karibu na pasi ya moto namna ile. Akanywa chai yake. Mjomba alichungulia, akaona kwamba pale pangehitaji ngao ya bati, akarudi kwenye jiko alilokuwa akiligonga. Baba aliona kwamba lile tundu la nyuma ya taa ya mbele, ambamo boksi la zamani lilikuwa likivuta hewa baridi ya nje, sasa limeachwa tupu. Alikohoa, akaenda zake. Heshima ya namna hii ni ya ajabu, inamwacha mtu atumbukie shimoni ili asije akaudhika kwa kuambiwa kuna shimo. Wote watatu walilala na neno lao mdomoni.

Gari lilipowashwa, liliunguruma kwa sauti mpya, nzito, hadi majirani wakatoka nje. Mmoja alisema hiyo sasa ni ndege. Mwingine alisema Spana ana mikono ya dhahabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Spana hakungoja hata kuangalia kazi yake mara ya pili. Alhamisi mchana, jua likiwa kali, aliwaita wote watatu wapande wakajaribu mlima.

Kwenye barabara ya tambarare gari lilikwenda vizuri hata baba akasahau na kuanza kupiga mluzi. Walipoanza kupanda, mwendo ulipungua na upepo wa mbele ukapungua nao. Joto lote la injini likajikusanya chini ya boneti, na ile koni nyekundu ikawa inavuta joto hilo hilo badala ya hewa. Gari lilizidi kunguruma na kuzidi kupungua mwendo. Mtu mmoja aliyekuwa akipanda kwa miguu huku akisukuma baiskeli aliwafikia, akawasalimu kwa adabu, akawapita. Katikati ya mlima injini ikagonga kwa ndani mara kadhaa, gari likatikisika na kuzima.

Baba, aliyekuwa kwenye usukani, alikanyaga breki. Aliliachia lirudi chini kinyumenyume, taratibu, akitazama nyuma kwa shingo yake ngumu, na kwa ustadi wake hawakugusa hata jiwe. Lakini kimya cha ndani ya gari kilimuuma Spana kuliko kicheko cha watu waliokuwa kando ya barabara. Walipofika nyumbani aliona haya hata kuvua viatu mbele ya mama yake.

Aliinua boneti, akaigusa filta. Ilikuwa moto kama sufuria. Hapo akaelewa kosa lake lote kwa mara moja, na kuelewa huko hakukumpa faraja yoyote. Injini ikivuta hewa ya moto inapata pumzi ndogo. Hilo alilifundishwa siku za kwanza kabisa za ufundi. Ijumaa asubuhi alichukua kipande cha bati kutoka kwenye taka na mkasi wa kukatia waya, akaanza kutengeneza ngao. Bati likakatika kama limetafunwa na mbuzi. Alilikunja huku, likainuka kule. Alipolijaribu kwenye gari likagusa kila mahali isipokuwa palipotakiwa, na lilipoteleza likamkata kidole.

Hatua chache tu kutoka hapo mjomba alikuwa amekaa na mikasi yake mitatu ya bati, na nyundo yake ilikuwa imenyamaza. Mtu aliyekata bati maisha yake yote alikuwa akitazama bati likiteswa, na uso wake ulionyesha maumivu hasa. Barazani cherehani nayo ilikuwa imesimama. Baba alikuwa mlangoni, anajifanya anaangalia hali ya hewa. Wote walimwona akinyonya damu kidoleni, na hakuna aliyesogea.

Spana aliinamisha kichwa juu ya injini. Aliona mambo mawili mbele yake: jina lake la fundi asiyemwomba mtu, na gari la baba juu ya mzani wa vyuma chakavu. Mambo hayo hayakuweza kukaa pamoja. Alipiga moyo konde, akaweka mkasi chini, akaenda mpaka kwa mjomba akapiga magoti pembeni yake.

"Mjomba, bati limenishinda. Naomba unisaidie."

Mjomba alikuwa amekwisha simama kabla sentensi haijaisha. "Nilidhani nitakufa na neno hili kifuani, mpwa wangu. Tangu juzi nakuona unahitaji bati la kukinga moto."

"Mbona hukuniambia?"

"Kazi ya mtu haiguswi," mjomba alisema, na mama barazani na baba mlangoni wakatazama chini kama watoto waliokutwa na sukari.

Spana aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba wote walijua. Hasira zilimpanda, zikashuka, kwa maana sheria ile na yeye aliitumia kama ngao kila siku. Akavuta pumzi.

"Basi mimi mwenye kazi naomba iguswe," alisema.

Mama alikuja na futi yake shingoni. Aliwaambia hakuna mtu wa akili anayeanza kwa kukata kitambaa. Kwanza ni karatasi. Alipima upana, kimo na kona za upenyo uliokuwa kati ya koni na injini, pini zikiwa mdomoni, akakata sampuli ya karatasi na kuivisha injini kama anavyomvisha mteja, akipunguza hapa, akiongeza pale, hadi ikakaa bila kugusa kitu. Mjomba aliichora ile sampuli kwenye bati jipya, akalikata, akalikunja kwa vipigo vyepesi hadi likawa boksi lililo wazi juu, akatoboa vitundu pembezoni. Mama akashonea hapo pembezoni ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, kwa sindano ya ngozi na uzi mnene, ili boneti ikifungwa ikalie mpira na joto lisipate pa kupenya. Alisema ni pindo kama pindo lolote, ila mteja huyu hatoi shukrani.

Baba ndiye aliyewaonyesha tundu la nyuma ya taa. Alimweleza binti yake jinsi kiwanda kilivyokuwa kimepitisha hewa pale, mbali na joto la rejeta, na kwa nini. Spana akavuta bomba laini kutoka kwenye tundu hilo hadi ndani ya lile boksi la bati, akafunga kishikizo ili koni isining'inie kwenye mpira, akakaza, akakagua, akakagua tena. Uani kulikuwa na kelele za watu wanne wanaokosoana kwa sauti, na hakuna aliyeudhika isipokuwa kidogo.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu alifika akiwa na lori lenye kamba na winchi ya kuvutia magari. Baba alimwomba asubiri, na mtu huyo, kwa udadisi, akalifuata gari nyuma kwa lori lake. Walipanda wote wanne, mama mbele, mjomba na Spana nyuma. Jua lilikuwa kali vilevile. Mwanzo wa mlima baba aliingiza gia ya pili, akakanyaga kwa utulivu. Mahali walipokwama Alhamisi wote walikaza miili kama wanaolisukuma kwa makalio. Gari likapapita. Likaipita kona, likaupita ukuta mrefu, likamfikia yule mtu wa baiskeli, na safari hii wao ndio waliosalimu kwanza. Mjomba alikuwa akicheka peke yake. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili na machozi yakimtoka, naye hakuyafuta. Chini ya tangi la maji baba alilisimamisha, akaacha injini ikiendelea kupumua bila kukohoa.

Mnunuzi alishuka kwenye lori lake, akaomba boneti ifunguliwe. Alitazama koni nyekundu ndani ya nyumba yake ya bati, akapitisha kidole kwenye mshono wa mpira, akaigusa filta na kukuta ni baridi. Alikuwa ameona magari mengi makuukuu, na kwa hakika hakuwahi kuona kitu kama hicho.

"Nani fundi wa kazi hii?" aliuliza.

Baba alisogea pembeni. Alimgeukia binti yake, akangoja, na uso wake ulikuwa umejaa fahari kiasi cha kumfanya aonekane kijana. Lile neno moja ambalo Spana alilitamani lilikuwa hapo, bure, la kuokota tu.

"Kipimo ni cha mama," alisema Spana. "Bati ni la mjomba. Njia ya hewa kaionyesha baba. Mimi nimekaza skrubu tu."

"Tena zimekazwa," alisema baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsifu fundi akiwa bado anasikia, "na fundi hodari."

Mnunuzi aliwatakia safari njema, akageuza lori lake na kushuka tupu. Wao walibaki juu pale, wamelizunguka gari kama linalotaka kupigwa picha, wanne wakijivunia kitu kimoja kwa mara ya kwanza. Spana, ambaye kidole chake kimoja kilichofungwa kitambaa kilikuwa bado kinamuuma, alishika mkono wa baba kwa vile vingine vilivyobaki, akajua sasa bila kuambiwa na mtu: kidole kimoja, hata kiwe cha fundi hodari, hakivunji chawa.